Kipimo Kisichojua Adabu

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi magari Chang'ombe, na mteja wangu msumbufu kuliko wote alikuwa bwana shauri mmoja, ofisa Mzungu wa serikali. Gari lake lilikuwa likichemka. Kila nilipomwambia rejeta ya kupozea injini imeziba kwa kutu, alinikatiza: gari la Uingereza halichemki, kilichoharibika ni kipimo cha joto, badilisha.

"Ndiyo, bwana." Nikakifungua kwenye injini, nikafunga kipya kilicholetwa kwa meli kutoka kwao. Tulipoliwasha, mshale ukapanda vilevile. Akaja juu, akaagiza kingine. Nacho kikasema kweli ileile, kipimo kishenzi kile.

Sikushangaa. Ofisini kwake, kila karani aliyempelekea habari kwamba bomba letu la mtaani limekauka alihamishiwa bara.

Mara ya tatu gari liliingia kwangu likifuka mvuke, likisukumwa na wanaume sita wa mtaa wetu, yeye amekaa ndani kashika usukani, jasho linamtiririka. Akashusha kioo, akaniuliza kama nina maji.

"Mie, bwana?" nikamjibu. "Waulize makarani wako."