Mazabodi ya Shemeji Elinami

Siku nyingi zimenitoka kichwani, mwanangu, lakini siku ile kompyuta ya dada Niwaeli ilipoungua naikumbuka mpaka harufu yake.

Tulikuwa na kibanda cha kuchapa pale Same mjini. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinaingia nchini, kizima na kibovu, na huku watu wanapunguzwa kazini. Shemeji Elinami, mume wa dada, alikuwa ametolewa kwenye ofisi ya shamba la mkonge, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa ile kompyuta kuukuu. Mimi ndiye niliyekuwa mchapaji. Tulichapa kadi za harusi, ratiba za mazishi, na kazi kubwa kuliko zote, mitihani ya sekondari moja ya kule milimani.

Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikazimika ikinuka plastiki. Fundi aliifungua akasema vimekufa viwili: pawasaplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme, na mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani.

"Tafuteni vya bei ya chini vinavyolingana na hivi," alisema.

Vinavyolingana! Neno hilo shemeji hakulisikia kabisa. Alisikia bei ya chini tu.

Nilimwambia, "Shemeji, nenda na hii iliyokufa wakaione dukani."

Akacheka. "Nibebe takataka mpaka Arusha? Mazabodi ni mazabodi."

Dada akauza cherehani yake, ile aliyoinunua kabla hajaolewa, na shemeji akapanda basi.

Alirudi na ubao mpya unang'aa, pesa ya pawasaplai haikubaki. Sasa ona balaa. Prosesa yetu, ile chipu inayofanya hesabu zote, haikuingia kwenye kitako cha ubao ule. Vijiti vyetu vya memori vilikuwa vifupi kuliko nafasi zake. Plagi za umeme hazikufanana, na matundu ya skrubu yalikataa kukutana na ya kasha.

"Muuzaji ameniapia kwamba inaingia kompyuta yoyote," alisema.

Nilitaka kulia. Mtu anayetaka kuuza, ukimuuliza kama kitu chake kitakufaa, unategemea akujibu nini?

Basi si angeirudisha? Hata! Alikopa, akaenda tena, akaleta kasha jingine, prosesa, memori, na pawasaplai ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Niliinyanyua, nyepesi kama kopo tupu, ingawa karatasi yake ilijisifu kwa namba kubwa za wati. Nikasema hii siiamini, dada naye akasema ngoja kwanza. Nani alitusikiliza? Akaiwasha. Ikalia kidogo, ikafuka moshi, ikaondoka na ule ubao mpya.

Dada aliketi kwenye kiti cha wateja, akawa anakikunja kile kitambaa cha kufunikia kompyuta, anakikunjua, anakikunja tena. Wiki hiyohiyo mkuu wa ile sekondari akaja, akachukua karatasi zake za mitihani akazipeleka kwingine. Kazi ile hatukuipata tena.

Mama akashuka kutoka Mbaga na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo mama," shemeji akaamkia.

"Marahaba. Nasikia mmeunguza na ya pili."

Shemeji akaanza kumweleza habari za umeme wa Same. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza taratibu, "Elinami, ukienda kununua mfuniko, sufuria huipimi kwanza?"

"Naipima, mama."

"Na hawa wawili waliokuwa wakikwambia, midomo yao ni pambo?"

Nakwambia, mwanaume yule mrefu alipungua pale pale alipokaa.

Asubuhi yake shemeji mwenyewe alipakia vile vilivyoungua kwenye kikapu, akabeba na kasha letu la kwanza, akasema twende wote Moshi. Huko tulipata fundi mwenye kompyuta ya aina ileile, kasha lake limepasuka. Tukamwomba atoe ubao wake pamoja na prosesa na memori zake, aufunge kwenye kasha letu mbele yetu, awashe. Tukakaa tunaitazama mpaka chai ya fundi ikapoa. Pawasaplai tulichukua mpya, nzito, ya bei ya juu kidogo, na shemeji alilipa bila kunung'unika. Kompyuta ile ilisomesha watoto wa dada. Ila cherehani haikurudi, na dada akisikia cherehani ya jirani ikilia alikuwa anaacha kazi, anachungulia dirishani.

Sasa wewe jana umenionyesha kwenye simu mazabodi "ya bei poa", ukasema utaagiza tu. Jamani, nifanyeje na nyinyi? Fungua kompyuta yako kwanza. Andika jina la ubao wake, aina ya prosesa na memori, uangalie kasha na plagi. Ukiweza, uende nao dukani. Uione hiyo unayonunua ikiwaka kabla hujalipa, na ukubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha. Ukitaka kubana matumizi, bana kwa kununua ubao uliotumika, usibane kwenye pawasaplai, maana yenyewe ikifa vibaya inaua na wenzake. Na kama gharama zote zinakaribia bei ya kompyuta nyingine nzima iliyotumika, nunua hiyo nzima ulale. Zaidi ya yote, nyumbani kwako akisema mtu "ngoja kwanza", ngoja.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio yanayosikia, mwanangu, na kila utakachokiwasha kikuwakie.