Nilimdai maiti mbele ya waombolezaji, sasa mjane wake anaingoja siku yangu

Admin, ficha jina langu, na mtaa wangu usiutaje, maana Koboko tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka sabini na mitano, Mnubi, mjane, nina watoto watatu na wajukuu ambao hesabu yao imeshanishinda. Nyinyi wenye moyo mwepesi wa kusamehe, nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Mwaka wa 1974 nilikuwa nakaanga sambusa sokoni Koboko. Mume alishakufa, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: cherehani ya kukanyaga, nitoke kwenye moshi, nishone nyumbani karibu na wanangu. Kila mwisho wa mwezi nilipanda lori mpaka Arua kuweka pesa benki. Karani wa dirishani alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mswalihina, kila Ijumaa yuko safu ya mbele. Nikamwambia mapema, "Ndugu yangu, mimi sitaki riba. Hiyo iko haramu. Nichungie pesa yangu vile nimeleta."

Akatabasamu. "Umefanya vizuri, dada. Lakini mutu akikataa riba, benki inakata yeye shilingi ishirini kila mwezi, ya kulinda pesa. Weka dole hapa."

Nikaweka dole. Na nikamshukuru, mjinga mimi! Wakati ule sikujua kusoma, nimejifunza ukubwani. Niliona ile ishirini ndiyo gharama ya kubaki safi mbele ya Mungu, nikailipa miaka mitatu bila kinyongo. Kila nikikaribia bei ya cherehani, naambiwa bado kidogo.

Mwaka wa 1977 nikakuta Karani yuko likizo. Dirishani kulikuwa na binti mgeni. Akafungua daftari, akanitazama. "Mama, huyu mutu iko nani yako?"

"Mutu gani?"

"Huyu anatoa pesa yako kila mwezi. Karatasi inasema umemruhusu. Dole lako hili hapa." Akanisomea jina, lilikuwa la Karani.

"Na ile ya kukataa riba?"

"Hakuna kitu kama hiyo, mama. Mutu akikataa riba tunaacha tu, hatukati kitu."

Nikakaa pale pale sakafuni. Shilingi mia saba na ishirini! Meneja akasema dole ni langu, benki haina kosa. Yule binti, Mungu amlipe, akaninakilia kila kitu kwenye karatasi.

Nikamfuata Karani nyumbani kwake Koboko. Mkewe alikuwa barazani anashona, cherehani inang'aa. Nilipodai pesa yangu, Karani hata hakuinuka kwenye kiti. "Nenda shitaki. Shemeji yangu iko kambini, unamjua." Mkewe akacheka. Miaka ile, nani angemshitaki mtu mwenye shemeji mwanajeshi? Nikameza. Lakini kila swala nilimwombea mabaya, wala sioni haya kusema.

Mwaka uliofuata homa ya siku tatu ikamchukua. Sikutoa chozi. Nilioga, nikajifunga gurbaba yangu ya sikukuu, vazi letu la Kinubi, nikaenda msibani na kitabu changu cha benki na ile karatasi kifuani.

Kwetu maiti hatoki uani kabla imamu hajauliza. Akauliza: "Kama kuna mutu anadai marehemu, aseme sasa." Nikasimama kwenye mkeka wa wanawake. "Mimi namdai!"

Kaka wa marehemu akaja mbio. "Dada, tafadhali, tuzike kwanza, tutaongea."

"Mkishazika mtaniambia niende nikashitaki. Nilipeni sasa!"

Imamu akasoma kitabu, akasoma karatasi ya yule binti, akainamisha kichwa. Jua kali, maiti anangoja, wanaume wakaanza kuchangishana. Wakanihesabia mia saba na ishirini yote. Ningeishia hapo, ningekuwa nimepata haki yangu. Lakini nikasema, na sitamsingizia shetani, ni mimi mwenyewe: "Na ile miaka mitatu mliyoshika pesa yangu?" Nikanyoosha kidole kwenye ile cherehani ya barazani.

Imamu akanong'ona, "Dada, hiyo si ndiyo riba?"

"Iite unavyotaka."

Mjane hakucheka siku hiyo. Alisema tu, "Chukua, mume wangu azikwe."

Wallahi, roho yangu ilisuuzika! Vita ilipokuja 1979 tukakimbilia Congo, niliacha masufuria na magodoro, nikajitwika kichwa cha cherehani. Kule ndicho kilicholisha wanangu. Mjane, nilisikia, alirudi kulima vibarua huko Midia mpaka mgongo ukapinda. Nikasema, safi sana.

Mwezi uliopita tukakutana harusini Arua. Akanishika mkono, akasema taratibu: "Dada, ile mia saba na ishirini ilikuwa yako. Cherehani ilikuwa yangu, baba yangu alininunulia kabla sijaolewa. Sikushitaki. Mimi nangoja tu siku imamu atakapouliza nyumbani kwako."

Tangu hapo chakula hakipiti. Wanangu wananijua kama mama asiyegusa cha mtu. Nikimlipa, itabidi nimwambie nilikosa, na mdomo unagoma, maana kile kicheko cha barazani bado nakisikia. Nisipomlipa, nitakuwa nimelala pale nimefungwa sanda, yeye anasimama kwenye mkeka, na wanangu wanatazamana. Na kibaya zaidi, yeye ni mdogo kwangu, na meno yake yote anayo.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nimpelekee pesa ya cherehani yake, au nijikaze nimzike mimi kwanza?