Haina Sukari

Asikudanganye mtu: Bi Asmahani wa Mtendeni hakuwa mwanamke wa kupayuka. Miaka yote aliyofundisha watoto Kurani barazani kwake, alipandisha sauti kwa jambo moja tu, mtoto akiisoma herufi *thaa* kama *saa*. "Ncha ya ulimi iguse meno ya juu!" alikuwa akifoka. "Meno umepewa ya nini, ya kuchekea tu?" Mtaa mzima ulijua kwamba mtoto aliyepita kwake ulimi wake umenyooka.

Basi jino la mbele lilipoanza kumuuma, hofu ilimshika kweli. Daktari wa meno, Flavia, aliziba tundu, akampiga marufuku vitamu. Akitaka kutafuna kitu baada ya chakula, atafute bigijii isiyo na sukari. Inaleta mate, na mate yanasaidia meno.

Bi Asmahani akaenda kwa jirani yake Awadhi, muuza asali, ambaye binti yake Sheima alisoma pale pale barazani. Awadhi alikuwa na bigijii zake mwenyewe za nta, kila moja kwenye kikaratasi kilichoandikwa HAINA SUKARI. Bibi wa watu akatafuna asubuhi, akatafuna mchana, akalala nayo shavuni. Ilikuwa tamu, naye akashukuru kupata dawa tamu.

Masika hayajaisha, meno mawili ya mbele yalikuwa yameoza mpaka kwenye fizi. Flavia akaomba kuiona hiyo bigijii, akainusa.

"Mama, hii ni asali."

"Ndiyo," akajibu Bi Asmahani. "Haina sukari."

Flavia akashusha pumzi, akamweleza kwamba jino halijui nyuki wala kiwanda, tamu ni tamu. Kila neno lilimchoma, maana ulimi wake ulikuwa umeonja asali tangu siku ya kwanza na wala hakushtuka. Meno yakang'olewa.

Alitoka hospitali ya Kitete na pamba mdomoni, moja kwa moja mpaka dukani.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Awadhi.

Bi Asmahani alilimwaga kopo zima la bigijii sakafuni, akazikanyaga.

"Lakini sikukudanganya, mwalimu! Wallahi hamna sukari humo. Asali ni dawa!"

"Dawa ya kidonda, mpumbavu wee!"

Na kweli hakumdanganya, ndiyo maana hasira haikupata pa kutulia. Mwongo ungemtukana ukapoa. Huyu utamfanya nini, naye bado ameshangaa, mikono kifuani?

Jumatatu watoto wakakaa barazani. Bi Asmahani akapeleka ncha ya ulimi mahali pake pa siku zote, awasomee *thaa*. Hapakuwa na kitu. Upepo ukapita.

"Faa," akasema.

"Faa!" wakaitikia wote, Sheima akiwashinda kwa sauti.

Akafumbua kinywa afoke. Lakini walikuwa wamesoma vile vile alivyowasomea.