Gofu bila paa ni nyumba, nyumba ya Haboba ni structure

Wakuu, niaje. Hii imenikaa kooni tangu nirudi Nairobi, na sijaongeza chumvi. Mwenye ataona ni uongo apande mashua akajionee.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mnubi wa Kibera, Makina. Babu zetu waliletwa na Mwingereza kutoka Sudan wakiwa askari. Nyanya yangu, Haboba kama tunavyomwita sisi Wanubi, alizaliwa kwa nyumba tunayokaa mpaka leo.

Juzi vijana wakaja na rangi nyekundu, wakachora X kwa ukuta, alama ya kubomolewa. Barabara inapita.

Nikampeleka Haboba ofisini kuuliza. Afisa akamwambia, "Mama, wewe huna nyumba. Una structure." Yaani ardhi ni ya serikali, yako ni mabati na udongo tu.

Njia yote Haboba alikuwa ananiuliza structure ni nini. Nina degree, na nilimwambia tu ni Kiingereza cha ofisini.

Beshte yangu wa campus, mtu wa Lamu, akaniambia nishuke pwani nipunguze stress. Tukapanda mashua ya mjomba wake kwenda kisiwa cha pili kuona mji wa kale wenye ukuta. Tanga lilikuwa limejaa viraka vya magunia. Nilitapika vibaya.

Mjomba alikuwa anacheka tu kwa usukani. "Mtu wa bara, tapikia demani, huko upepo unakoelekea, usiturudishie."

Mji wenyewe, ukweli usemwe, ni mzuri. Ukuta wa matumbawe umeuzunguka na lango bado limesimama. Ndani ni mawe na vichaka. Nikakaa juu ya kitu nilichodhani ni rundo la mawe.

Mlinzi akaja mbio. "Ndugu yangu, teremka. Hiyo ni nyumba ya watu."

"Watu gani?"

"Hawajulikani. Visima viliingia chumvi, wakahama."

"Na nikibeba jiwe moja?"

"Utashtakiwa. Nyumba hizi zalindwa na serikali."

"Na kama wangekuwa bado wanaishi humu?"

Akacheka. "Hapo sijui. Mimi nalinda zilizohamwa."

Wakuu, paa hakuna, mlango hakuna, mti umeota sebuleni. Na jamaa anaita hiyo nyumba bila kusita.

Nilirudi nikamkuta Haboba amekanda udongo, anapaka ukuta juu ya ile X. Akaniuliza niliona nini huko. Nikamwambia ni mji wa zamani, nyumba zote zimebomoka.

"Na wao wanaziita nini?"

"Structure, Haboba."

"Ah. Kumbe si sisi peke yetu."

Akaendelea kupaka.

Somo langu ni hili: ukitaka serikali ilinde nyumba yako, hama kwanza, halafu ngoja jina lako lisahaulike. Mwenye ako na maoni tofauti ayaweke hapa, sitamtusi.

Lakini mwenye anajua nitamwambia nini Haboba siku tingatinga likifika, huyo ndiye nangoja.