Ng'ombe Wangu na Wanaume wa Getini

Mwanaume aliyefanya kazi kwenye mashine za kufuma nguo hajui kunong'ona. Hilo sikulisoma popote, shule yenyewe niliishia darasa la pili. Nimelijua kwa kuishi naye. Zile mashine zilikuwaga na kelele mpaka meno yanacheza mdomoni. Wanatoka mle ndani masikio yamekufa nusu, kwa hiyo kule kazini walikuwa wanaongea kwa mikono. Akisokota vidole hivi, ujue uzi umeisha, leteni mwingine. Akigusa kola, msimamizi anakuja, acheni utani. Mume wangu akaja na hiyo mikono mpaka nyumbani. Mboga ikiisha kwenye sahani, ananisokotea vidole. Nikamwambia mimi siyo mashine, mimi ni mke.

Na maringo sasa! Wakati ule wa kupanga foleni ya sukari na sabuni, hapa Musoma mtu wa kiwandani alikuwa mtu kweli. King'ora kikilia asubuhi, wanaume wa kwetu Makoko wanatoka wamechana nywele, wanatupita sisi wauza dagaa wameziba pua. Wa kwangu naye alinikataza. Eti mke wa mtu wa kiwandani hawezi kunuka ziwa. Nikauza. Watoto wangekula nini, king'ora?

Basi mitumba ikaruhusiwa, ikajaa sokoni, shati la mzungu likawa rahisi kuliko kitambaa chetu wenyewe. Kiwanda kikakohoa kohoa, kikanyamaza. Wenye akili wakaenda Kiriba kulima mihogo, wengine wakaenda Bunda kutafuta biashara. Wa kwangu na wenzake unajua walihamia wapi? Getini. Kila asubuhi anavaa ovaroli yake ya bluu, niliyoifua mimi, anaenda kukaa kwenye jiwe anatazama geti lililofungwa. Eti mwekezaji anakuja. Mchana anarudi kuulizia ugali. Nikimuuliza mwekezaji kafika wapi, anasema yuko njiani. Labda alikuwa anakuja kwa magoti, huyo mwekezaji.

Mimi dagaa zangu zikanipa ng'ombe. Jike, mwekundu, pembe moja imelala, nimemfunga kengele shingoni kama walivyofanyaga nyumbani kwetu Butiama. Alikuwa na mimba. Nilikuwa nikimwangalia tumbo naona maziwa, naona na sare za shule za watoto wangu, maana baba yao alikuwa anawasomesha geti.

Ndipo akatokea kijana mmoja na tai yake, anasema katumwa na mwekezaji. Kiwanda kinafunguliwa, anawatafuta mafundi wa zamani, ila anayetaka kuwa msimamizi atangulize kitu. Mtu mzima anaambiwa hivyo na kijana mwenye viatu vya kuazima, anaamini! Wakaamini wote.

Jioni moja nakaanga samaki, mume wangu kakaa nyuma ya jiko na mwenzake waliyefuma naye mashine jirani. Wamekuja kupanga siri. Wakaanza kunong'ona.

"Baiskeli yangu natoa," mwenzake anasema. "Wewe toa ile ng'ombe. Mwisho wa wiki kijana anaondoka."

"Natoa," anasema wa kwangu. "Lakini sema taratibu, mama watoto yuko jikoni."

Sauti hiyo, wajukuu zangu, kuku waliacha kudonoa. Jirani yangu, mke wa fundi cherehani, mwanamke wa Kiislamu mpole kabisa, akachungulia juu ya ua.

"Jirani, umesikia?"

"Hata walioko Kabasa wamesikia," nikamwambia.

Sikugombana naye. Kugombana na kiziwi ni kujichosha. Kulipokucha nikampa uji, akavaa ovaroli, akaenda kwenye jiwe lake. Mimi nikamfungua ng'ombe. Sasa njia ya kwenda Butiama toka kwetu, lazima upite mbele ya kiwanda. Nikasema potelea mbali. Nikapita. Wamekaa pale mstari, migongo barabarani, macho getini, kengele inalia ng'ang'a ng'ang'a, ng'ombe akasimama kabisa akakojoa nyuma ya mume wangu. Hakuna aliyegeuka. Wanamngoja mwekezaji atoke mahali ambapo hayumo, na mali yenyewe inapita mgongoni.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika kwa kaka yangu. Sisi kwetu ukiwekeshwa ng'ombe na mtu, yule aliyekupa kamba mkononi ndiye unayemrudishia kamba. Aje baba yake, aje mume wake, aje padri, haondoki naye. Kaka akapokea kamba, akamfunga ng'ombe zizini, na kulipokucha mimi nikarudi nyumbani.

Mume wangu alifuata baada ya siku mbili, na yule kijana wa tai nyuma yake. Kaka akawakaribisha, akawapa togwa, akawasikiliza. Halafu akasema, "Shemeji, kamba alinipa dada. Mlete dada." Mume wangu akaanza kueleza mambo ya usimamizi. Kaka akamwambia, "Ukishakuwa msimamizi utanunua yako."

Wakarudi mikono mitupu. Yule mwenzake alitoa baiskeli, na kijana aliondoka akiwa ameipanda. Mpaka leo hajarudi kuwaita kazini. Geti limeota kutu, mbuzi wanalala mle ndani, na wazee wanakaa pale pale. Ukiwauliza wanakuambia yule kijana alikuwa mkweli, ila sisi wanawake ndiyo tulivuruga mpango.

Ng'ombe alizaa jike. Nikaenda mwenyewe kuchukua kamba, nikarudi nao wawili, na safari hii nilipita getini taratibu makusudi. Nikaanza kuuza maziwa. Watoto wakavaa sare.

Mwanaume yule alininunia, hanywi maziwa, anasema yananuka dagaa. Nikamwacha. Asubuhi moja nimekaa nawapimia wateja, mlango umejaa watu, naye akaja na ovaroli yake, kikombe mkononi. Akasimama pembeni. Akainua vidole, akasokota. Uzi umeisha.

Nikaendelea kumimina.

Akasokota tena.

"Sema kwa mdomo, baba," nikamwambia. "Hapa hakuna mashine."

Akaangalia wale watu. Akaniinamia sikioni, ili aninong'oneze mimi peke yangu.

"Mke wangu, naomba maziwa."

Mke wa fundi cherehani alikuwa nyumbani kwake anafagia. Akaitikia toka kule: "Mpe, jirani, kaomba vizuri."