Siku Niliyokubali Kuitwa Injinia Makambako

Nianze na aibu yenyewe msije mkaisikia kwa watu: yule mwanamke aliyekaa ndani ya beseni la kuoshea maparachichi pale Makambako, na suti yake ya kijivu, mbele ya mkutano mkuu wa ushirika, ni mimi.

Mnajua nilikuwa injinia wa mitambo kiwanda cha chai huku Njombe, na kazi niliiweza (sijisifu, ingawa najisifu). Kilichonitoa si mshahara kama ndugu zangu wanavyodhani, ni mkanda wa mashine moja, unakatika, nafunga mpya, unakatika tena, na kila nikifunga napongezwa, wakati najua kabisa unakatika kwa sababu zamu ya usiku inashindanishwa na ya mchana na kila zamu inashindilia majani kupita kiasi. Nikalisema kikaoni, nikaambiwa injinia shughulika na mashine, mambo ya watu yana wenyewe. Siku hiyo nikaamua nitakuwa mmoja wa hao wenyewe. Nikarudi kusoma, nikaacha kazi, nikawa mshauri wa uendeshaji: naingia kwenye kampuni au ushirika, naangalia kazi inavyokwenda, nasema inakwama wapi na tufanye nini.

Baba hakunielewa kabisa. Yeye ni mkulima wa maparachichi, kanisani walishazoea kumwita Baba Injinia, na huku kwetu cheo hicho ni cha ukoo mzima. Nilipoacha, mtu akimuuliza binti yako anafanya nini siku hizi, anajibu, "Yupo yupo tu." Iliniuma.

Kwa hiyo ushirika wake uliponiita niwaeleze wanachama nitawasaidiaje (matunda yao yalikuwa yanarudishwa na wanunuzi kwa kuivia njiani), nilijua wakinikubali hawa, baba naye atakuwa na la kujibu.

Mwenyekiti akasimama kunitambulisha, akasema tumepata bahati, binti yetu Injinia Upendo yuko nasi. Nikataka kumsahihisha, kisha nikamwona baba mstari wa mbele anatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu niache kiwanda, nikanyamaza. Makofi. Basi mwenyekiti akasema maadamu injinia yupo, kabla ya hotuba atuangalizie mashine ya kuoshea matunda, inavuja, na mkutano mzima ukahamia bandani. Ningekataaje sasa?

Nikainama na viatu vyangu vya visigino virefu, nikaiona koki inayovuja, nikaomba spana kwa ile sauti ya kiinjinia (mnaijua), nikalegeza nati bila kuuliza kama tangi lina maji, jambo ambalo nilikuwa nawafokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo siku yao ya kwanza. Maji yakanipiga kifuani, nikarudi nyuma, kisigino kikakanyaga parachichi, nikajikuta nimekaa ndani ya beseni na maparachichi yananifuata mapajani. Na upepo wa Makambako mnaufahamu, baridi yake inafika mifupani.

Mwanzoni hakucheka mtu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kisha mama mmoja akashindwa kujizuia, banda zima likamfuata, na ni yeye huyohuyo aliyenitoa, akanifunga kitenge chake na kunivisha koti la mumewe lililonifika magotini. Karatasi zangu zote za hotuba zimelowa. Mwenyekiti akanong'ona labda tuahirishe. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikasema hapana, nasema hivihivi. "Mwenyekiti amenipa cheo ambacho si changu tena, na mimi nikakipokea, nisameheni. Uinjinia niliuacha kwa hiari yangu. Koki hii fundi yeyote ataifunga. Mimi nimekuja kuwauliza kwa nini matunda yanachumwa Jumatatu na lori linakuja Alhamisi."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, wachumaji wanalaumu ofisi, ofisi inamlaumu mwenye lori, naye anasema hajawahi kuambiwa siku ya kuchuma. Nikasimama katikati na koti langu, nikampa kila upande nafasi ya kuzungumza, nikiuliza tu, mpaka wao wenyewe wakakubaliana kwamba lori lithibitishwe kwanza ndipo watu waingie shambani. Jamani, nilijiona mtu! Hakuna mkanda niliowahi kuufunga ukanipa furaha ile.

Baba akanyoosha mkono kama mwanachama mwingine yeyote. "Mimi ni baba yake, kwa hiyo kura yangu msiihesabu," akasema. "Ila leo ndiyo nimeelewa anafanya kazi gani. Sikuwahi kumuuliza." Akakaa.

Kazi walinipa, na kura ya baba hawakuihitaji. Ila nimeapa, siku hizi mtu akinitambulisha kwa kazi niliyoiacha namkatiza palepale, nasema mimi ni mshauri, na kama hajui mshauri anafanya nini, akae nimweleze, sote tukiwa bado wakavu.