Nusu Yangu ya Kiromania

Binamu yangu alinipasua mdomo alfajiri ya siku ya mtihani wetu wa Kiromania. Sikuanguka. Nilimkamata shati, nikampiga kichwa puani, tukabingirika kwenye tope la steji ya Isebania huku makanga wenzetu wakishangilia badala ya kutuamua.

Tulikuwa tunagombea abiria, mama aliyevuka mpaka kutoka Sirare na mizigo yake. Mimi nilimshika mkono mmoja, binamu mwingine.

"Omera, ndugu yangu, huyu ni wangu!"

"Wako kwani alikuzaa?"

Mama alilia kwamba tunamng'oa mabega. Ndivyo tulivyofanya kazi, na siku nyingi niliifurahia. Lakini wote wawili tulijua ngumi ile haikuwa kwa ajili ya mama. Wakala wa ajira wa Homa Bay alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya kazi ya ghala huko Romania. Mwajiri alitaka mtu atakayejifikisha kazini kwa basi, bila kushikwa mkono, na atakayefaulu ndiye angekwenda.

Tulikuwa tumejifunza pamoja kwenye baraza ya duka, magari yakichelewa kujaa. Nililipenda somo lile. Kitenzi chao hubadilika mkiani: *merg*, ninakwenda; *mergi*, unakwenda; *merge*, anakwenda. Mtu wa heshima unamwambia *coborâți*, mnashuka, hata akiwa peke yake, wala hakuna anayemvuta. Hilo lilinichekesha, baadaye likanitia hamu.

Ila binamu, kwa kiburi chake, alikataa kuwa makanga hata kwa kuigiza. Kila siku yeye abiria, mimi makanga. Yeye: *De unde pleacă autobuzul?* Basi linaondokea wapi? Mimi: *Pleacă din fața gării.* Linaondokea mbele ya stesheni. Akikosea nilimzaba kofi, nikikosea alinirudishia. Tuliiva.

Homa Bay tulifika damu imekauka kwenye kola. Yeye aliitwa kwanza. Mlango haukufungwa, nikamsikia mtahini, mwanamke wa Kiromania kwenye skrini ya kompyuta, akimuuliza: *De unde pleacă autobuzul?*

Binamu akajibu, kwa matamshi safi kabisa: "*De unde pleacă autobuzul?*"

Akaulizwa jingine. Akalirudisha vilevile. Maskini, maswali aliyajua yote, jibu hata moja hakuwa nalo. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilicheka hadi mdomo ukachanika upya.

Zamu yangu ikafika, na swali likawa lilelile. Jibu nilikuwa nalo, na mkia wake. Lakini midomo ilikuwa imevimba na jino la mbele linacheza. Kilichotoka ni povu na damu juu ya meza ya wakala. Mwanamke aliomba nirudie. Nikarudia. Aliomba tena, kwa adabu, halafu akamwita mwingine.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nafasi ilimwendea msichana kutoka kijiji cha Kisegi aliyejifunza peke yake, akijiuliza na kujijibu.

Binamu alikuwa akinisubiri nje, ngumi amezikunja, akidhani nimefaulu. Nilimchukia.

"Jibu lilikuwa gani, omera?" aliuliza.

Nilifungua ngumi yake kwa nguvu, kidole baada ya kidole, nikamtemea jino kiganjani.